Bolti Kwenye Friji

Asubuhi moja nilifungua friji ya ofisi nichukue maziwa ya chai, nikakuta bolti ya bunduki, kile chuma kinachobeba pini ya kugonga risasi, imelala kwenye sahani yangu. Mimi ni karani, mambo ya silaha hayanihusu. Nikaenda moja kwa moja kwa Fundi nikampe vidonge vyake.

Fundi ndiye mtunza bunduki wa idara yetu ya wanyamapori. Kwa miaka ishirini na sita amekaa kwenye chumba kile chenye dirisha la nondo, meza moja na kabati la chuma. Tangu mkewe afariki hana haraka ya kurudi nyumbani. Sisi tukifunga ofisi, yeye huchomoa bunduki, huhakikisha haina risasi, huifuta, huitia mafuta, kisha huanza nyingine. Tulimtania kwamba bunduki zake zinaoga kuliko sisi.

Nilimkuta na shemeji yake, mdogo wa marehemu, askari wa kituo cha mlimani. Zamani shemeji huyo alishuka mara moja kwa mwaka, bunduki yake ifanyiwe usafi. Mwaka huu alikuwa ameshuka mara nne, kwa ugonjwa uleule: kule juu alfajiri akifyatua, risasi hailipuki, hapa chini inalipuka bila tatizo. Kila aliposhuka alilala siku mbili kwa Fundi, wakapika, wakamzungumzia marehemu. Fundi alikuwa anachangamka hadi tunamshangaa. Safari hii, hata hivyo, shemeji alishuka na mkono uliochubuka kuanzia kiwiko. Nyati alimjia, bunduki ikamgomea, mti ndio uliomwokoa.

Nilikuwa nimejiandaa kugomba, lakini Fundi aliniomba penseli kabla sijafungua mdomo. Aliuinua mtutu juu, akaitumbukiza penseli ndani, kisha akafyatua bunduki tupu kwa bolti ya akiba kutoka kabatini. Pini ikaigonga penseli, ikaruka hadi darini. Halafu akaniagiza nimletee ile ya shemeji, aliyoilaza kwenye friji usiku kucha ipate baridi kama ya mlimani, niishike kwa kitambaa isipate joto la mkono. Akaipachika, akairudisha penseli mtutuni, akafyatua. Penseli ikainuka kidogo tu, ikazama tena.

Akaifungua bolti ile mezani. Ndani, springi na pini vilikuwa vimezama kwenye mafuta mazito, ya rangi ya chai. Kwenye joto la hapa yalikuwa yanateleza. Kwenye baridi ya mlimani yalikuwa yanaganda na kuishika pini. Na kila mara bunduki iliposhuka na ugonjwa wake, Fundi aliongeza mengine.

Shemeji alikuwa dirishani akijifunga bandeji, hajaona kitu. Nikawaza kwamba mtu angeweza kuifunga bolti ile na kumwambia springi imechoka, arudi tena mwezi ujao. Naona Fundi naye aliwaza hivyo, maana masikio yalimwiva.

"Shemeji," alisema, "ni mimi. Mafuta yangu ndiyo yaliyotaka kukuua."

Shemeji alikuja, akatazama, akamwekea mkono begani. Hakumlaumu. Fundi aliiosha pini na springi kwa mafuta ya taa, akavikausha, akajaribu tena baada ya bolti kukaa saa mbili kwenye friji, pembeni ya maziwa yangu. Penseli ikagonga dari.

"Ndani usitie kitu," alimwambia. "Ifute kwa kitambaa kikavu. Huna haja ya kuniletea tena."

Shemeji aliondoka mchana uleule, maana kituo kilikuwa hakina mtu. Fundi alimsindikiza hadi getini na kusimama pale hata baada ya gari kupotea. Nilimwonea huruma, na hasira ya maziwa ikaniisha.

Jioni alinirudishia penseli, imevunjika ncha. Hakuondoka. Alikuwa na kopo lake la mafuta mkononi, akaniuliza kama ofisini kwangu kuna bawaba inayolia.

Hakukuwa na hata moja. Nilimwambia ipo, ya mlango, na zile za kabati nazo zimeanza.