Jeshini Walinijua Kama Dada Yake

Admin, naomba ufiche jina langu, maana huku Muleba tunajuana hadi kuku wa jirani. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nina binti mmoja wa miaka sita, na nimefiwa na mume ambaye siruhusiwi kumlilia kama mume.

Tulioana kimila. Wazee wake walileta mahari kwetu Kanazi, nikahamia kwa wakwe zangu, kwenye kibanja chao cha migomba. Haukupita muda akapata nafasi jeshini. Tulifurahi sana, ila waliambiwa anayeingia awe hajaoa wala hana mtoto, na mimi nilikuwa na mimba changa. Tukakaa na wazazi wake, tukakubaliana aseme hajaoa. Akaniambia, "Vumilia, mama. Miaka ya mwanzo ikiisha nitaomba kibali cha kuoa, tufunge ndoa kanisani, wewe na mtoto muandikwe. Matibabu, nyumba ya kambini, vyote mtapata."

Basi nikawa dada. Akipiga simu ananiita dada, kwa sababu wenzake wako kando. Mtoto alipoanza kuongea tukamfundisha amwite mjomba, asije akaropoka mbele ya watu. Tulikuwa tunacheka, jamani! Akija likizo anambeba mabegani kwenye migomba huku akisema, "Mnamwona mpwa wangu?" na mama mkwe anacheka hadi anakaa chini.

Mwaka huu gari walilosafiria kikazi lilipinduka. Kibali alikuwa bado hajaomba. Wenzake wakamleta, jeneza limefunikwa bendera. Afande mmoja mpole akauliza, "Marehemu ameacha mke au mtoto?" Baba mkwe akaangalia chini. "Hapana, afande. Alikuwa bado kijana." Majirani wote walijua, wakanyamaza. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi za waombolezaji. Nilisikia kila neno, nikaendelea kumenya.

Sasa baba mkwe ameitwa Bukoba mjini wiki ijayo, akathibitishe warithi wa mafao. Nilipomwambia nataka mtoto wangu atambuliwe, aliinuka akatoka nje. Mama mkwe ndiye aliyepiga magoti mbele yangu, mkwe mzima! "Mae waitu, mama yangu wee! Ukisema, watajua mwanangu aliingia kwa uongo. Watamvunjia heshima akiwa kaburini, na sisi tutakosa hata hicho kidogo. Mtoto tutamsomesha." Simchukii. Analala amekumbatia kombati ya mwanawe. Lakini hawa ni wazee, na wakiondoka, nani atasema binti yangu ni wa damu ya pale kibanjani?

Kinachonimaliza ni siku ya mazishi. Mwongoza ratiba alimwita mpwa wa marehemu, mtoto akapewa ua. Akasogea kaburini, akaliweka taratibu, akasema kwa sauti, kama tulivyomfundisha, "Kwaheri, mjomba." Askari wakasema mtoto huyu ana adabu.

Nikinyamaza, nimemnyima baba milele. Nikisema, namchafua huyo huyo baba yake. Ninyi mnaojua mambo ya jeshi, na ninyi mama zangu mliofiwa, nishikeni mkono, mnielekeze njia. Jana nikimvua sare za shule ameniuliza, "Mama, wenzangu wana baba. Wangu atakuja lini?" Nimjibu nini?