Aliyechora Kisiwa cha Barafu na Kusema Sijui

Habari ya kifo chake nimeipokea Jumanne kutoka kwa fundi viatu wa Bwiza, mtaa wetu hapa Bujumbura, aliyeniambia bila kuinua macho kwenye sindano yake: "Ule muzee wa mawe alituacha jana." Nikakaa kwenye benchi ya wateja. Nilimpenda mtu huyo. Alikuwa mwanajiolojia, mtoto wa mtaa huu huu, na katika ujana wake aliajiriwa kwenda kuchora ramani ya miamba ya kisiwa kimoja karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, mahali penye barafu na ndege tu. Tulimtania kwamba amevuka dunia nzima kwenda kutazama mawe, kana kwamba ya Burundi yameisha.

Wachora ramani wa miamba wana desturi yao: mpaka ulioufikia kwa miguu unauchora kwa mstari mzima, na ule unaoukisia unauchora kwa vipande vipande. Siku ya mwisho meli ilikuwa inangoja, na ukungu ulikuwa umefunika bonde moja ambalo hakulifikia. Mkuu wake akamwamuru auunganishe mstari uwe mzima, ramani ipendeze. Akakataa, akauacha wa vipande vipande: hiyo ndiyo "sijui" yake. Mkataba wake haukuongezwa, akarudi kufundisha sekondari Gihosha hadi alipostaafu. Aliponisimulia, tukila mishikaki, nilikasirika kweli. "We ni mujinga, mon vieux, rafiki yangu. Nani angeenda kule kukagua?" Akatafuna polepole. "Siku moja kuko mutu ataenda, na ataamini karte yangu. Mi sikufika pale." Kisha akaisukuma sahani yake kando, na nikaona nimemuumiza.

Tangu siku hiyo nimeutazama mji wetu kwa jicho jingine. Mtu anajenga ukingoni mwa korongo kwa sababu mtaalamu ambaye hakushuka hata kwenye gari alisema udongo ni mgumu. Sisi waandishi wa safu za magazeti ndio usiseme. Tunahukumu mitaa ambayo hatujaikanyaga. Kilioni nilimsikia mtu mmoja akisema kwamba marehemu alifukuzwa kisiwani kwa ulevi, na msemaji mwenyewe hakuwahi hata kumjua. Penye wengi pana mengi. Nilisimama nikaeleza ukweli, mkewe akaniitikia kwa kichwa, ila moyo wangu haukupata nafuu.

Maana kwa lile neno "mujinga" sikuwahi kumwomba radhi. Tulionana mara nyingi baadaye, nikawa nangoja nafasi nzuri. Yeye kusema "sijui" kulimpotezea kazi aliyoipenda, na akasema. Mimi kusema "nisamehe" kungenichukua dakika moja. Msomaji wangu, ukiwa na "nisamehe" kama hiyo, mpelekee uliyemkosea leo, angali anaweza kukujibu.