Mshipa Ulioota Upande Usio Wake

Assalamu alaykum, mama zangu na baba zangu. Naitwa Mwanahawa, wa Kiwangwa. Nimesimama mbele yenu mzima, na hata mimi bado nashangaa.

Nilikuwa mtoto wa mbio. Shuleni hakuna aliyenishinda, si wasichana si wavulana. Baba analima mananasi, nami nikitumwa shambani nakwenda mbio, narudi mbio. Sikuwahi kulazwa. Ndiyo maana nilipoanguka mara ya kwanza, darasa la sita, katikati ya mazoezi ya mbio, wote walisema ni jua. Kifua kilibanwa kana kwamba mtu amekikalia, macho yakaingia giza. Nilizinduka mdomo umejaa mchanga na sketi imelowa mkojo. Niliona aibu zaidi kuliko kuogopa.

Mara ya pili nilianguka nikiikimbia mvua. Mama anasema midomo yangu iligeuka rangi ya zambarau. Jirani akasema kifafa. Bibi akasema kuna mkono wa mtu, akanifunga hirizi kiunoni. Baba akasema, "Mama, hirizi mfunge, lakini hospitali tunakwenda."

Pale Bagamoyo daktari alinisikiliza moyo akasema unapiga vizuri. Kisha akauliza, "Huanguka akiwa anafanya nini?"

"Anakimbia," mama akajibu.

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili."

Akaacha kuandika. "Basi asikimbie tena, hata kidogo, mpaka aonwe Dar es Salaam."

Huko nilipakwa mafuta ya baridi kifuani, wakautazama moyo kwenye kioo cha mashine. Bingwa wa moyo wa watoto, mama mmoja mpole, alikunja uso. "Kuna mshipa sioni unakoanzia," akasema. "Tumpige MRI. Ni mashine ya sumaku, haiumi. Ila mwanangu, utulie kabisa."

Mtaalamu wa mashine akaagiza kila chuma kitoke: hereni, pini za ushungi. Akaiona hirizi, ina kibati ndani. "Sumaku hii haina utani, mama." Mama akaikata uzi.

Nikalazwa kwenye kitanda chembamba, nikawekewa sindano ya dawa mkononi, nikasukumwa ndani ya tundu kama pipa. Paa lilikuwa karibu na pua yangu. Mara ikaanza kugonga: ko-ko-ko, kisha mlio kama msumeno. Nilijua nimekufa. Sauti ya yule mtaalamu ikaniambia masikioni, "Vuta pumzi. Toa. Bana." Nikabana. Machozi yakaniingia masikioni, na sikuruhusiwa kuyafuta.

Majibu tulipewa tumekaa, baba, mama na mimi. Daktari akageuza kioo. "Huu ndio mshipa unaoulisha moyo damu. Umeota upande usio wake, ukapita katikati ya mishipa miwili mikubwa. Akikimbia, ile mikubwa inajaa na kuubana. Na hapa, moyo wenyewe umeshapata kovu."

Baba akauliza kwa sauti ndogo, "Amezaliwa nao?"

"Amezaliwa nao."

"Miaka yote hii nampigia makofi akikimbia?"

Baba, mtu ambaye sijapata kumwona analia, akafunika uso kwa kofia yake. Mimi nilikuwa baridi, nikitazama kile kitu cha kijivu kwenye kioo, nikijiambia: si changu.

Nilipasuliwa kifua, mshipa ukarudishwa upande wake. Nilipozinduka nilikuwa na mpira kooni na mingine ikitoka ubavuni. Kukohoa kulikuwa adhabu. Nilikumbatia mto kifuani ndipo nikohoe. Mama alinishika mkono tukajifunza kutembea upya, kutoka kitandani hadi dirishani. Kidonda kilichelewa kufunga kwa chini, kikatoa usaha, nikarudishiwa dawa. Lakini kilifunga, alhamdulillah.

Nawashukuru wazazi wangu, wauguzi, na yule daktari wa Bagamoyo aliyekataa kuridhika. Nanyi wazazi, mtoto akianguka akiwa katikati ya mbio, msiseme jua. Mpelekeni akapimwe moyo, mtaje wazi kwamba alikuwa anakimbia. Na mtoto akiogopa ile mashine, mwambieni ina kelele tu.

Niliporudi kupigwa MRI nyingine, nilimwomba daktari anionyeshe. Akabonyeza, picha ikacheza. Nikauona moyo wangu mwenyewe ukikunja na kukunjua, pale mbele ya macho yangu, wala haukujua kama natazama. Baba akaniuliza, "Unaona nini?"

Nikamwambia, "Baba, unafanya kazi."