Kaka, Mama Mkwe na Lori la Mishikaki

Jamani, leo kaka yangu sijui atarudije kwa mkewe!

Tulikuwa kwenye sikukuu ya mavuno hapa Mbeya. Mtu kaja na lori lenye gramafoni, anauza mishikaki kwa nyuma.

Kaka, yule anayesema mwanaume hali njiani, kajaza mdomo.

Mara nikamwona mama mkwe wake katikati ya watu.

"Kaka, mkweo yule!"

Mnajua kwetu, mkwe hatazamwi, sembuse kula mbele yake. Kaka akajibanza ubavuni mwa lori na mishikaki yake. Mimi hoi kwa kicheko.

Nyama ikaisha, mwenye lori akaondoa gari.

Kumbe mama mkwe naye alijibanza upande wa pili, mashavu yamemjaa nyama!

Haya, semeni nyie, nani alipaswa kukimbia kwanza?