Siku Niliyolinda Beringi

Hapa Lubumbashi, ukipeleka gari kwa fundi, huendi zako. Unaomba kigoda, unakaa karibu na gurudumu, na macho hayatoki mikononi mwake hadi afunge nati ya mwisho. Ukigeuka hata kununua karanga, kifaa chako kipya kitaingia sandukuni mwake, na cha zamani, kikishaoshwa kwa petroli na kupakwa grisi, kitarudi garini mwako. Fundi hakasiriki ukimkalia hivyo. Ila kwa ndugu hatukai. Kwa ndugu unaacha ufunguo na kuondoka, na mtaa mzima unaelewa maana yake.

Kaka yangu alikuwa na gereji yake katika komuni ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, mabati manne juu ya nguzo, nyuma ya kanisa. Ndiye aliyeacha shule baba yetu alipokufa, akaingia chini ya magari ili mimi nisome. Leo mimi ni mwalimu, nina jeep kuukuu ya kwenda shambani Kasungami, na nina kiburi kingi kuliko akili. Yeye ana mgongo uliopinda. Mwaka ule ulizuka uvumi kwamba anabadilisha vifaa vya watu. Nani aliuanzisha, sijui mpaka leo. Wateja walikatika mmoja mmoja, na mafundi wa gereji ya jirani wakawapokea wakitabasamu.

Kisha magurudumu ya mbele ya jeep yangu yakaanza kuvuma. Nilinunua beringi mpya nne, mbili za kila upande, nikampigia simu. Akasema:

"Mudogo yangu, lete motokari asubuyi. Uiache, uende zako ku ville. Usikae. Bantu baone tu kama wee unaniachia motokari. Njo ile tu naomba."

Alitaka niende mjini, watu waone tu kwamba namwachia gari. Hakuwahi kuniomba kitu tangu nizaliwe. Nikamjibu, "Ndiyo, yaya," kama tunavyowaita kaka wakubwa.

Mke wangu ni wa ukoo wa Maniema, na kwao methali haikosekani mezani. Alinimiminia chai akasema, "Lisemwalo lipo." Ningependa kumtupia yeye lawama, na kwa miaka kadhaa nimejaribu. Lakini chupa yake ya rangi ya kucha niliichukua kwa mkono wangu, nikatia nukta nyekundu kwenye kila beringi, nikazirudisha ndani ya maboksi yake.

Nilifika asubuhi, nikampa kaka ufunguo. Mama aliyekuwa akiuza mikate ng'ambo ya barabara alitutazama. Mafundi wa jirani nao walitutazama. Mwanamume mmoja mwenye pikapu alikuwa amesimama njiani, bado hajaamua aingie gereji ipi. Kaka aliniaga kwa sauti kubwa ili wote wasikie: "Aya, enda! Saa kumi utaikuta tayari!"

Nikavuta kigoda, nikakaa.

Yule wa pikapu aliwasha injini akaingia kwa jirani. Mama wa mikate aliguna. Kaka akaiweka jeki.

Hapo bado ningeweza kuinuka. Ningesema nilitaka tu kupumzisha miguu, nikaondoka, na mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimekwisha kaa, na mimi nikishakaa sitaki nionekane nimekosea. Zaidi ya hapo nilimkasirikia yeye, eti kwa nini aliniomba jambo gumu namna ile.

Alitoa gurudumu, akatoa breki, akafungua kifuniko cha kitovu, ile sehemu inayobeba gurudumu. Akainyoosha kwa patasi washa, ile pete bapa ya chuma iliyokunjwa juu ya nati, akakivuta kitovu kizima. Beringi za zamani zilitoka zimegeuka bluu kwa joto, grisi yake nyeusi ikiwa na vumbi la chuma. Vile vikombe vya chuma vinavyozishika alivitoa kwa nyundo na kipande cha shaba, pigo huku, pigo kule, visikwame upande. Kisha akajaza grisi kiganjani, akafungua boksi la kwanza.

Aliiona nukta papo hapo. Akafuta mkono, akafungua la pili, la tatu na la nne. Akazipanga beringi zote juu ya kitambaa mbele ya miguu yangu, nukta zikitazama juu.

"Njo alama yako?"

"Ni ya dukani," nilisema.

"Ku magasin habapakake rangi ya kucha." Hakupandisha sauti. "Basi angalia muzuri vile naziingiza."

Akaziingiza, upande huu kisha ule. Kila moja aliigeuza kwanza nione nukta, ndipo akaisukuma. Alikaza nati huku akizungusha kitovu, akailegeza kidogo, akaikaza tena taratibu huku akisikiliza. Fundi mbovu hukaza mpaka mwisho, na beringi huungua kabla hujafika Kasumbalesa mpakani. Sijaona kazi safi kama ile. Mtaani hakuna aliyeitazama, maana wote walikuwa wakinitazama mimi nilivyokaa.

Nilijua hakuiba. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua kwa hakika, na kukaa kwangu ndiko kulikowathibitishia wengine kwamba ni mwizi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Jioni niliwasha gari, nikasimama kununua mkate.

"Ulifanya muzuri, baba," yule mama aliniambia. "Hata ndugu, ni kulinda tu."

Nikaitikia kwa kichwa.

Gereji ilifungwa kabla mvua hazijaisha. Siku hizi kaka anaosha vifaa kwa petroli katika gereji ile ya jirani, akitumwa na vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kushika spana.

Jumapili baada ya misa huja kwangu kula bukari, ugali wetu wa huku. Hajawahi kunigombeza. Anakula, anasifu mboga, ananawa mikono. Halafu anasimama mlangoni na, bila kuambiwa na mtu, anavuta nje mifuko yote miwili ya suruali mpaka vitambaa vinaning'inia.

"Shemeji, angalia. Hamuna kitu."

Mke wangu hutazama sakafu. Binti zangu, ambao hawajui lolote, hucheka na kupiga makofi, wakimwomba baba mkubwa avute na mfuko wa shati. Naye anauvuta.