Sketi Haifeli Mtihani

Chama chetu cha udada pale chuoni Braamfontein, Johannesburg, kilikuwa na sare: sketi ya kitenge cha bluu na njano, iliyokatwa kwenye jora moja tulilonunua Newtown. Tulikuwa Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania, na tuliitana dada hata siku tulizonuniana. Kila mwaka, matokeo yakitoka, tulipiga picha ya pamoja. Aliyefeli alirudisha sketi kabla ya picha. Ndio ulikuwa utaratibu, na hakuna aliyeuhoji.

Rafiki yangu, Mrundi niliyekaa naye chumba kimoja, alifeli mwaka ambao mama yake aliugua, akawa anashinda mtaani kwao Alexandra kumuuguza. Alirudisha sketi ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Hiyo pasi iliniuma kuliko machozi yake.

Mwaka uliofuata likaletwa bango la kuwavutia wanafunzi wapya. Lilikuwa na mchoro wa nguzo mbili za ufaulu: yetu ndefu, ya wanafunzi wengine fupi, na chini yake maneno, "Kila dada yetu huhitimu." Kwa kuwa nasoma takwimu, mwenyekiti wetu, Mkongo, alinipa kazi ya kulieleza jukwaani. Nikamuuliza hesabu ameitoa wapi.

"Kwa picha," akasema yule Mkongo, bila wasiwasi wowote. "Nilihesabu wenye kuvaa sketi."

"Na waliorudisha?"

"Eish, dada! Ule hayuko wetu tena. Nitamuhesabu namna gani?"

Nilicheka, kisha nikakasirika. Ukiwatoa waliofeli ndipo uwahesabu waliobaki, hata chama cha walevi kitaonekana cha wacha Mungu. Tena tuliwachagua wasichana waliokuja na alama nzuri tangu shuleni. Tulikuwa tunajisifia mimea tuliyoikuta imeota.

Nilimwambia rafiki yangu kwamba sitalisoma lile bango. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa.

"Usiwaeleze habari za mama," akasema. "Sema tu nilikuwepo."

Siku ya kuwakaribisha wapya ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele alikaa dada mgeni amevaa sketi ya rafiki yangu, imepunguzwa kiunoni, alama ya mshono wa zamani bado inaonekana. Maskini, hakujua. Rafiki yangu mwenyewe alikaa nyuma, karibu na mlango, amevaa jinzi.

Nikasimama, nikaligeuza bango likatazama ukuta.

"Nguzo hii ni ya uongo," nikasema. "Tumehesabu sketi, na sketi haifeli mtihani."

Mwenyekiti alipanda jukwaani mbio. "Shuka, dada. Na sketi utairudisha."

"Mimi nimefaulu masomo yote," nikamjibu, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu. "Ukinivua, utaniweka kwenye nguzo gani?"

Sikumsubiri ajibu. Nilimtaja rafiki yangu kwa jina lake kamili, jina la baba na la babu, nikasema ni dada yetu, na alikuwepo.