Shavu Alilompa Nyanya

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba kidogo cha kushonea hapa Voi, nyuma ya soko, na kitu kikienda upande mbele yangu mkono hauniulizi, unanyoosha tu. Pindo, kola, hata pazia la watu nililolikuta limening'inia vibaya sebuleni kwao. Mume wangu hunitania kwamba siku ya kuzikwa kwangu nitaamka kwanza nilinyooshe jeneza. Nalisema hili mapema kwa sababu binti yetu alizaliwa na kichwa kinachoenda upande, na Mungu akaamua kumpa mama wa namna hii.

Alizaliwa kabla ya wakati wake. Shingo ilichelewa kukaza, kuketi kukachelewa zaidi, na maneno hayajaja mpaka leo. Macho yake yalikuwa yakichezacheza, hayatulii mahali. Tulikompeleka mazoezi walituambia ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa hivyo tusimharakishe. Hatukumharakisha. Lakini kulikuwa na hili la kichwa. Ukimwita, ukimletea kijiko, ukikaa mbele yake umchekeshe, anakigeuzia kulia na kukupa shavu la kushoto. Kisha anatulia hivyo, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari redioni.

Nimekulia Mwanda, huko juu milimani. Kwetu mkubwa akikusalimia unamgeukia na uso wako wote. Ukimpa shavu, hakuulizi wewe kitu, anauliza unalelewa na nani. Basi kila mtu alipomsalimia binti yangu nilikuwa nimeshaweka vidole viwili chini ya kidevu chake, nakirudisha kichwa mbele. "Angalia watu, mama," namwambia, polepole, kwa mapenzi. Wageni wakafurahi. Na mimi nikajiona mlezi.

Aliyeumia zaidi ni mama yangu mzazi. Kwa desturi yetu nyanya na mjukuu wa kike hutaniana kama wake wenza, wanagombania mume mmoja, yaani babu. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, lakini mama hakuona sababu ya kuacha ugomvi kwa jambo dogo kama hilo. Tukipanda Mwanda wakati wa Krismasi, anatupokea uani akipiga kelele: "Mke mwenzangu huyo! Amekuja na maringo yake!" Anamkumbatia, anakaa mbele yake kwenye kigoda, anamwambia uongo wa kila aina kuhusu babu. Mtoto anageuza kichwa, anampa shavu.

"Ananinyima uso," mama anasema, na sote tunacheka.

Mwaka wa kwanza ilikuwa mzaha, na wa pili pia. Lakini nilimjua mama yangu. Baadaye akawa anauliza, ile sauti ya utani ikiwa imeshuka: "Huyu mtoto nimemkosea nini?" Nilimjibu kwamba hajui watu bado, atajua tu. Nikanyoosha kichwa cha mtoto kwa vidole viwili, nikakishikilia hapo ili nyanya yake apate kutazamwa. Macho yakaanza kuchezacheza. Mama akamtazama kidogo, kisha akaenda kuangalia chungu jikoni.

Mtoto alipofika umri wa nasari tulimpeleka akapimwe macho. Sitasema wapi. Kijana wa zamu alielekeza kijiti kwenye ubao wa herufi.

"Aseme anaona nini."

"Haongei," nikasema.

"Basi mtamrudisha akianza kuongea."

Nilimpa jibu ambalo haliandikiki, mpaka mume wangu akanishika mkono tukatoka. Watu wote kwenye foleni walinisikia. Halafu tukarudi nyumbani, tukakaa, tukangoja mtoto aongee. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilimfokea yule kijana, kisha nikamtii.

Mama alikufa tukiwa tunangoja. Kifua kilimbana msimu wa baridi, ukungu wa Mwanda ukiwa mzito, na hakukaa sana kitandani. Mara ya mwisho nilipompelekea mjukuu wake, alikuwa ameegemea mito. Mtoto akampa shavu. Mama hakutania. Alimpapasa nywele, akaniambia, "Mwache. Hanitaki, usimlazimishe." Nilisema, "Si hivyo, mama," ingawa mimi mwenyewe nilidhani ni hivyo.

Baada ya mazishi, mwanamke mmoja niliyekuwa nikikutana naye kwenye mazoezi alinielekeza kwa daktari wa macho wa Mombasa anayepima watoto wasioongea. Tukaenda. Chumba chake hakikuwa na ubao wa herufi. Kulikuwa na kitambaa cheusi mezani, mpira mwekundu, taa ndogo, na kadi zenye mistari. Alimweka binti yangu kwenye paja la baba yake, akauviringisha mpira polepole bila kusema neno. Mtoto akageuza kichwa kulia. Vidole vyangu vikaenda kwenye kidevu.

"Mama, wacha hicho kichwa," daktari akasema.

"Daktari, huyu ukimwachilia haangalii kitu."

"Keti hapo nyuma, tafadhali. Usimguse."

Niliketi, nimenuna. Daktari aliviringisha mpira tena na tena. Kisha akaniita nije niinamie meza, niyaangalie macho ya mtoto kutoka upande wa lile shavu. Yalikuwa yametulia. Macho ambayo sikuwahi kuyaona yametulia tangu azaliwe yalikuwa yanaufuata mpira mwekundu, taratibu, mpaka ukingoni mwa meza.

"Akitazama mbele macho yanacheza, kila kitu kinamtikisikia," daktari akasema. "Akigeuza kichwa hivi, yanatulia. Hapa ndipo anapoonea. Halafu mpe muda, ubongo wake unachelewa kuelewa anachokiona. Atahitaji na miwani. Lakini akikugeuzia shavu, mama, ujue anakutazama."

Mume wangu alishukuru. Mimi sikuweza. Akili yangu ilikuwa Mwanda, jikoni kwa mama.

Jioni ile, tukiwa tumesharudi Voi, nilichukua simu ya mume wangu nikaanza kutafuta picha. Kila Krismasi alikuwa akiwapiga picha nyanya na mjukuu, nami nikisimama nyuma ya kigoda, vidole vyangu vikiwa kidevuni. Lakini kulikuwa na moja aliyoipiga kabla sijafika. Mama ameinama anacheka, mtoto kageuza kichwa, kampa shavu zima, na ametulia tuli. Nilipoonyeshwa nilisema, "Futa hiyo, imeharibika." Akaifuta palepale, kwa sababu ndani ya nyumba yangu hakuna anayebishana nami kuhusu kitu kilichoenda upande.

Nilitafuta mpaka mahali simu inapoweka vilivyofutwa. Hakukuwa na kitu.

"Si tunazo zile nyingine," mume wangu akasema. "Nzuri tu. Anaangalia mbele."

"Kwenye hizo hamwoni nyanya yake," nikamwambia.

Siku hizi binti yangu hukaa karibu na cherehani, na miwani yake, akinitazama nikishona. Wateja wakimsalimia anawapa shavu, na wapo wanaoninong'oneza kwamba mtoto ana kiburi. Nawaambia wasogee upande wake wa kushoto, wangoje kidogo. Wengine husogea. Mama yangu angesogea. Angebeba kigoda chake mwenyewe, akakiweka pale pale, na kukaa mpaka giza liingie, kama ningekuwa nimejua kumwambia.